Bunduki ya mtumba wa jeshi: namna ya kununua na kujaribu Mosin-Nagant ukiwa Marekani

Malalamiko ninayoletewa na jamaa wa huku Marekani ni yaleyale kila msimu. "Bolti imekwama, nimeigonga kwa nyundo ndipo ikafunguka." "Nalenga katikati, risasi inapita juu ya karatasi." "Nimeifuta vizuri nikaiweka, Jumatano naikuta ina kutu." Bunduki zenyewe hazina ubaya. Wenye nazo walitumia fedha zote dukani, wakaruka hatua zilizo kati ya duka na risasi ya kwanza.

Mwongozo huu ni wa Mosin-Nagant M91/30, bunduki ya Kirusi ya risasi tano, inayofunguliwa na kufungwa kwa mkono kila baada ya mlio, kwa bolti, yaani komeo lenye mpini. Unahusu sheria na masoko ya Marekani tu. Usifikirie kuipeleka nyumbani, hata ikiwa vipandevipande ndani ya kontena la gari. Kuitoa Marekani bila kibali ni kosa, na kuiingiza Kenya au Tanzania bila kibali ni kosa la pili.

## Bajeti na vifaa

Miaka ya 2000 bunduki hii iliuzwa chini ya dola 100, na ndiyo sababu wengi bado wanaiita ya bei chee. Shehena zile zimekwisha. Leo andaa mia kadhaa, kisha weka kando fungu la pili kwa vitu hivi:

- Risasi za kujaribia zisizo na baruti, za ukubwa wa 7.62x54R. Mbili zinatosha.
- Geji tatu za kupimia chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa), GO, NO-GO na FIELD, au malipo ya fundi bunduki mwenye nazo.
- Ufito wa kusafishia mtutu wa .30, brashi za shaba na vitambaa vyeupe vya pamba.
- Brashi ya shaba ya bunduki ya marisau (shotgun), geji 20, kwa ajili ya chemba.
- Mafuta ya taa, mafuta ya bunduki, faneli yenye mpira mrefu, na birika.
- Tochi ndogo na sumaku. Sumaku usiidharau, utaona sababu yake.
- Miwani ya kinga, vizibo vya masikio, na vifuniko vya masikio vya kuvaa juu ya vizibo.

Kama fedha zinatosha bunduki peke yake, subiri mwezi mmoja.

## Hatua ya 1: Hakikisha sheria inakuruhusu

Chini ya sheria ya serikali kuu, muuzaji mwenye leseni anaweza kumuuzia bunduki ndefu mtu wa miaka 18 na kuendelea. Baadhi ya majimbo yanataka 21. Illinois wanadai kwanza kadi ya FOID, kitambulisho cha mwenye silaha, na New Jersey na Massachusetts nao wana vibali vyao. Soma sheria za jimbo lako kabla ya kuangalia bei.

Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kununua kama raia. Aliye kwa viza ya muda, ya masomo, ya matembezi au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni halali ya uwindaji. Ukiwa katika kundi hili muulize mwanasheria wa uhamiaji. Usimuulize muuza bunduki wala binamu yako.

Dukani utajaza Fomu 4473, kisha muuzaji ataulizia kumbukumbu zako kwenye NICS, mfumo wa FBI wa kukagua wanunuzi wa silaha. Jibu huwa endelea, subiri, au hapana. "Subiri" huwapata watu wengi wasio na kosa lolote, hasa wenye majina yanayofanana na ya wengine, na sisi kina Mohamed, Hassan na Juma tunalifahamu jambo hilo vizuri.

Maswali mawili huwaponza watu. La kwanza ni kama bunduki ni yako mwenyewe. Ukinunua kwa fedha za rafiki asiyeruhusiwa kununua, umetenda jinai. La pili ni bangi: hata kama jimbo lako limeihalalisha, kwa serikali kuu mtumiaji wa bangi haruhusiwi kununua silaha. Uongo kwenye fomu ni jinai, na kwa asiye raia kosa la silaha linaweza kuishia kwenye ndege ya kurudishwa. Nenda pia na kitambulisho chenye anwani unayoishi sasa.

Unajua umefaulu pale muuzaji anapokukabidhi bunduki na risiti, na jina kwenye risiti ni lako.

## Hatua ya 2: Kagua dukani bila haraka

Omba ruhusa kabla ya kugusa. Elekeza mdomo wa mtutu mahali pasipo mtu, fungua bolti, tazama ndani ya chemba, kisha ingiza kidole cha mwisho kuhakikisha ni tupu. Fanya hivyo hata kama muuzaji amekuhakikishia.

Mtutu. Huu ndio unaolipia, mengine ni mapambo. Toa bolti: inua mpini, ivute nyuma, bana kifyatulio, ichomoe. Mulika tochi upande wa chemba na utazame kutoka mdomoni. Unatafuta mifereji minne yenye kingo kali. Giza kidogo si kosa. Mitutu mingi ilipigishwa risasi zenye chumvi ikapauka, na bado inalenga vizuri. Ukiona pete ya kivuli inayozunguka ndani, mtutu umevimba, rudisha bunduki mahali pake.

Mdomo wa mtutu. Chukua risasi ya kujaribia, uingize ncha yake mdomoni. Ikizama mpaka ganda likagusa chuma, mdomo umelika. Lakini tazama kwanza kama ndani kumechongwa kukawa kipana kwa sentimita chache. Wasovieti walipozifanyia matengenezo bunduki hizi baada ya vita walichonga midomo iliyolika ili mtutu uanzie kwenye mifereji mizima. Kwa mdomo wa namna hiyo kipimo hiki hakisemi kitu, na bunduki yaweza kuwa nzuri sana.

Namba. Namba ya mtutu ilingane na ya bolti, ya bati la kitako na ya kifuniko cha magazini. Ukiona namba ya zamani imekatwa mstari na mpya kugongwa kando yake, hiyo ni kazi ya karakana ya jeshi. Inampunguzia raha mkusanyaji, mpigaji haimhusu. Namba ya bolti ndiyo ya kujali. Bolti ngeni ni sababu ya kutokosa Hatua ya 4.

Mti. Tafuta nyufa nyuma ya chuma karibu na kiganja, na penye parafujo. Mikwaruzo achana nayo.

Watakuambia bunduki yenye mgongo wa pembe sita, ya kabla ya katikati ya miaka ya 1930, ni bora kuliko ya mgongo wa duara. Ni nzuri kwa macho, na bei yake ni ya macho. Kwa anayeanza, ya duara ya kiwanda cha Izhevsk yenye mtutu safi inatosha kabisa. Karabini fupi ya M44 inavutia kuibeba, ila mlio wake na moto unaotoka mdomoni utakufundisha kufumba macho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo ukiipata haikutoki upesi. Kuna pia wanaotaka Lee-Enfield kwa sababu babu zao waliibeba wakiwa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza. Nawaelewa, ila si mradi wa bei nafuu.

## Hatua ya 3: Ondoa grisi yote

Hapa ndipo nusu ya walalamikaji wangu walipoanguka. Bunduki zilihifadhiwa maghalani zikiwa zimepakwa Cosmoline, grisi nzito ya rangi ya asali iliyoungua. Nje hufutwa na muuzaji. Ndani ya chemba hubaki utando mwembamba mgumu usioonekana. Mtutu ukipata joto utando unalainika, unalishika ganda, unapoa tena. Hapo ndipo bolti "inakwama" na mtu anakimbilia nyundo.

Fanya kazi nje, mbali na moto na sigara. Tumia mafuta ya taa, kamwe usitumie petroli.

1. Toa bolti na kifuniko cha magazini. Legeza pete mbili za mti, kisha fungua parafujo mbili zinazoshika chuma: moja mbele ya magazini, nyingine nyuma ya kifyatulio. Bisibisi ijae mfereji wa parafujo, vinginevyo utaulemaza.
2. Fungua bolti. Haihitaji kifaa. Vuta kirungu cha nyuma, kizungushe kushoto kishuke, kichwa na upau wake vitoke mbele, halafu fungua sindano (pini inayogonga risasi ilipuke) kwenye kirungu. Piga picha kila hatua kwa simu.
3. Loweka vyuma vidogo kwenye mafuta ya taa kwa saa moja, sugua kwa mswaki wa zamani, kausha, paka mafuta kidogo.
4. Chemba: funga brashi ya geji 20 kwenye ufito mfupi, ufito kwenye drili. Chovya kwenye mafuta ya taa, zungusha polepole kwa dakika moja, futa, rudia. Usisukume brashi kwa nguvu kuingia kwenye mtutu wenyewe.
5. Mti: ufunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki, uuache ndani ya gari siku ya jua kali. Grisi itatoka kama jasho. Futa, rudia. Usipige msasa, utafuta mihuri na thamani pamoja.

Unaporudisha sindano, pima inavyochomoza mbele ya uso wa bolti. Inatakiwa iwe kati ya inchi 0.075 na 0.095, yaani milimita 1.9 hadi 2.4. Kifaa cha chuma kilichouzwa na bunduki nyingi kina pengo la 75 na la 95 kwa kazi hiyo: 95 ipite juu ya sindano bila kugusa, 75 iiguse. Ikiwa ndefu mno inaweza kutoboa fataki, yaani kidonge cha kuwashia baruti kitakoni mwa risasi, na kurudisha gesi ya moto kuelekea usoni pako. Ikiwa fupi, risasi hazitalipuka.

Unajua umemaliza pale kitambaa cheupe kinapotoka chembani cheupe, na risasi ya kujaribia inafungwa na kufunguliwa kwa vidole viwili. Ukilazimika kuweka kiganja kizima, rudi kwenye namba 4.

## Hatua ya 4: Pima chemba kabla ya risasi ya kweli

Risasi ya 7.62x54R ina ukingo kwenye kitako, na ukingo huo ndio unaoizuia isizame. Kati yake na uso wa bolti pawe na nafasi ndogo tu. Ikizidi, ganda hunyooka linapolipuka na laweza kukatika karibu na kitako, gesi ikakurudia.

Fundi bunduki hufanya kipimo hiki kwa dakika chache. Ukifanya mwenyewe, toa sindano, ingiza ukingo wa geji chini ya kucha ya bolti, funga kwa uzito wa kidole. Bolti lazima ifunge juu ya GO. Isifunge juu ya NO-GO. Ikifunga hapo, jaribu FIELD. Isipofunga kwenye FIELD bado inatumika, ila iangalie mara kwa mara. Ikifunga hata kwenye FIELD, bunduki hiyo ni ya ukutani mpaka fundi aseme vingine.

Nimewaona watu wakifunga bunduki kwenye tairi na kuvuta kifyatulio kwa kamba. Kamba haikupi kipimo. Inakuambia tu kwamba risasi ile moja haikukuumiza.

## Hatua ya 5: Risasi

Za kiwandani za sasa, kama Prvi Partizan ya Serbia au Sellier & Bellot ya Cheki, zina ganda la shaba na fataki isiyoleta kutu. Anza na hizo, boksi mbili, yaani 40.

Za jeshi huja kwenye makopo ya bati, mara nyingi ya risasi 440. Zilikuwa rahisi, lakini tangu Marekani ilipoanza kubana uingizaji wa risasi za Urusi mwaka 2021, bei ya aina hii yote imepanda. Zichukulie zote kuwa zina chumvi kwenye fataki, hata muuzaji akiapa.

Sasa ile sumaku. Viwanja vingi vya shabaha havitaki risasi zenye chuma ndani au kwenye gamba lake, kwa sababu hutoa cheche na kuharibu kuta. Mimi niliendesha saa moja na nusu, mlangoni wakagusisha sumaku kwenye ncha, ikanasa, wakanirudisha na kopo langu. Jaribu nyumbani, kisha piga simu uwanjani uulize.

## Hatua ya 6: Siku ya kwanza uwanjani

Beba bunduki ikiwa tupu, ndani ya mfuko, kwenye buti, risasi mbali nayo. Ukifika mwambie msimamizi ni mara yako ya kwanza na bunduki hii. Wengi watafurahi. Mosin huvuta watazamaji.

Vizibo masikioni, vifuniko juu yake. Kidole nje ya kifyatulio mpaka umelenga. Msimamizi akitangaza kusitisha, fungua bolti, weka chini, rudi nyuma.

Futa mafuta yote kwenye chemba na mtutu. Kisha:

1. Weka risasi moja. Kitako kikae kwenye shimo la bega, kikibanwa. Ukiacha nafasi, teke lake litakuachia alama ya wiki nzima. Fyatua.
2. Chukua ganda ulikague. Fataki iwe na kibonyeo cha duara kisichotoboka. Mwili usiwe na ufa. Ukiona pete inayong'aa inayozunguka karibu na kitako, acha, rudi Hatua ya 4.
3. Likiwa zima, piga moja nyingine. Halafu mbili. Halafu tano.

Ukijaza tano, ukingo wa kila risasi uwe mbele ya ule wa chini yake, vinginevyo zinaweza kushikana. Usitegemee sefti uwanjani: ni kuvuta kirungu cha nyuma na kukizungusha kushoto, kazi ngumu kwa mkono wenye jasho. Bolti iliyo wazi ndiyo sefti yako.

Risasi isipolipuka, iache bunduki ielekee kwenye shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kufungua. Baruti ya zamani mara nyingine huchelewa. Mlio ukiwa mdogo kuliko kawaida, simama. Huenda risasi imebaki ndani ya mtutu, na inayofuata itaupasua. Toa bolti, mulika tochi.

Bolti ikikwama, elekeza bunduki mbele, subiri ipoe, bonyeza mpini juu kwa kiganja. Ikigoma, mwite msimamizi. Ukirudi nyumbani tatizo liko chembani, Hatua ya 3 namba 4.

## Hatua ya 7: Kurekebisha shabaha

Anza yadi 50, ukiegemea mfuko wa mchanga, kilengeo cha nyuma kwenye alama ya chini kabisa. Alama hiyo ni ya mita 100. Piga tano polepole bila kubadili unapolenga, kisha tazama kundi la matundu, si tundu moja moja.

Usishangae zikipita juu. Bunduki hizi zilirekebishwa singe ikiwa imefungwa mdomoni. Ukiitoa, mtutu unatikisika kwa namna nyingine na risasi inahama. Uwanja wako ukiruhusu singe, jaribu uone tofauti. Ni kichekesho kizuri kwa majirani wa meza ya pili.

Kurekebisha kuna kanuni moja: kilengeo cha mbele hufuata kosa. Matundu yako kulia, kisogeze kulia. Yako juu, kirefushe. Upande kwa upande kinasukumwa kwa kifaa maalumu cha kubana, na usiende kasi: milimita moja huhamisha matundu karibu sentimita 15 kwa yadi 100. Kwa urefu, vika kijiti cha mbele kipande cha gamba la waya wa umeme, ukipunguze kwa wembe mpaka matundu yapande yanakotakiwa. Ni utundu wa fundi wa mtaani, na siku ukitaka bunduki irudi ilivyokuwa unauvua tu.

Matundu matano ndani ya sentimita 10 kwa yadi 100 ni matokeo mazuri kwa vilengeo hivi na macho ya kawaida. Yakisambaa zaidi, mpe mtu mwingine apige kabla hujailaumu bunduki.

## Hatua ya 8: Maji ya moto, siku hiyohiyo

Fataki za jeshi huacha chumvi mtutuni. Chumvi huvuta unyevu hewani, unyevu huleta kutu. Mafuta hayayeyushi chumvi, yanaifunika tu. Yangu ya kwanza niliifuta kwa mafuta, tena mengi, nikajisifu. Siku ya tatu kitambaa kilitoka na rangi ya udongo wa Makueni.

Chemsha birika. Toa bolti, weka faneli na mpira chembani, mdomo wa mtutu ukielekea kwenye ndoo. Mimina lita moja au mbili taratibu. Shika mti tu, chuma kitaunguza. Joto lenyewe litakausha maji. Pitisha vitambaa vikavu, kisha brashi yenye dawa ya kusafishia, kisha vitambaa, mwisho mafuta. Ufito uingie kutoka chembani, si mdomoni, usije ukakwangua kingo za mdomo. Osha pia uso wa bolti na ncha ya sindano, sehemu ambazo watu husahau.

Kama ulipiga za kiwandani zisizo na chumvi, maji si lazima. Mimi humwaga vilevile.

Funga bunduki kwenye kabati lenye kufuli, bolti mahali pengine, risasi pengine, hasa kama kuna watoto au wageni wanaolala sebuleni. Kesho yake pitisha kitambaa cheupe mtutuni, na siku ya tatu tena. Kikitoka na wekundu wowote, washa birika.